Mafunzo ya Historia na Utamaduni kwa Wanafunzi Wote wa Chuo Kikuu: Mfano wa Rufiji na Kibiti

Chuo Kikuu kinachowalazimu wanafunzi wake wote kusoma historia na utamaduni, wakiwemo waliokuja kusomea uhandisi wa umeme au sayansi ya miamba, chadai kwamba yako maarifa ambayo mtu aliyeelimika hapaswi kuyakosa, hata kama kazi yake haimdai kuyatumia. Dai hilo ni zito. Laelekea kukubaliwa na watu wengi kwa mdomo, lakini linapofika kwenye ratiba, hesabu ya saa na uchache wa walimu, aghalabu hupungua likawa mihadhara michache katika ukumbi mkubwa na mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Hapo ndipo lilipo swali linalochunguzwa katika makala haya: somo la lazima la historia na utamaduni limdai mwanafunzi afanye nini hasa, na alifanye kwa lugha gani?

Swali hili si la nadharia tu wakati huu. Tangu mwaka wa 2021 vyuo vikuu vya serikali nchini Tanzania vimekuwa vikipitia upya mitaala yao chini ya mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, na jina lenyewe la mradi laonyesha mizani iliyotumika kupimia masomo. Wakati huo huo mtaala mpya wa shule, ulioanza kutumika kwa awamu mwaka wa 2024, umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba vijana watakaoingia vyuoni watakuwa wamesoma historia ya nchi yao kwa lugha wanayoifikiria, kisha watakaa mbele ya mhadhiri atakayewafundisha jambo lilo hilo kwa Kiingereza. Hali hiyo ni kinyume, na wanaopanga mafunzo hawana budi kuiangalia kabla haijawa mazoea.

Desturi ya kuwatoza wanafunzi wote somo la ustaarabu haikuanzia Afrika. Chuo cha Columbia huko New York kilianza somo la namna hiyo mwaka wa 1919, mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika mwaka wa 1988 Chuo cha Stanford kilibishana vikali juu ya vitabu gani viwemo na vipi viondolewe, hata magazeti ya Marekani yakashiriki ugomvi huo. Ukitazama mabishano hayo kwa makini utaona kwamba karibu yote yalihusu orodha ya vitabu. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya historia yake haikupata kuandikwa na wenyewe, ugomvi wa orodha si mahali pazuri pa kuanzia.

Dar es Salaam ilianza kwa njia nyingine. Chuo Kikuu kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14, kikahamia Mlimani mwaka wa 1964. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wapatao 400, wengi wao wa Chuo hicho, wakafukuzwa. Miezi michache baadaye, Azimio la Arusha likiwa limekwisha kutangazwa, ulifanyika mkutano wa Machi 1967 juu ya kazi ya Chuo katika nchi ya kijamaa. Katika mabishano ya wakati huo ndimo lilimozaliwa wazo la somo la pamoja, ambalo kila mwanafunzi angelisoma, awe mwanasheria au mwanasayansi, ili aijue jamii aliyotoka na anayotarajiwa kuitumikia. Kwa hiyo yafaa ikumbukwe kwamba somo la lazima la Dar es Salaam lilizaliwa katika ugomvi baina ya wasomi na nchi yao. Halikuletwa na kamati ya wataalamu wa mitaala peke yake.

Mwaka uliofuata, bila ya kupangwa kuwa sehemu ya somo hilo, lilitokea jambo ambalo lingeweza kuwa mfano wake bora. Idara ya Historia, ambayo profesa wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger, ilianzisha mwaka wa 1968 uchunguzi wa Vita vya Maji Maji. Wanafunzi walipelekwa wakati wa likizo katika sehemu zilizopiganiwa, wengi wao katika nchi za kwao, wawaulize wazee waliokuwa bado hai juu ya mambo ya mwaka 1905 hadi 1907. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa, na Gwassa mwenyewe alikuwa amekwisha kutembea Umatumbi na Rufiji akikusanya masimulizi kwa ajili ya tasnifu yake, iliyokamilika mwaka wa 1973.

Rufiji ndiko penye chimbuko la vita hivyo. Ngarambe, alikokaa Kinjikitile Ngwale, iko katika wilaya ya Rufiji, na masimulizi yasema kwamba mwaka wa 1904 alipandwa na Hongo, akazama katika maji ya kijito asionekane, kisha akatoka akiwa mkavu. Watu wakaenda Ngarambe kwa makundi kuchukua dawa ya maji. Mwezi wa Julai 1905 pamba iling'olewa huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, na tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, kusini mwa delta. Vita havikufa pamoja naye. Viliendelea hadi 1907, na Gwassa alikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 300,000 walipotea, wengi wao kwa njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na ghala.

Haya yote, au sehemu yake kubwa, yangeweza kusomwa katika hati za Kijerumani. Lakini hati zilisema juu ya waganga, ushirikina na hila za wakubwa wa nchi. Wanafunzi na walimu wao waliporudi na masimulizi ya wazee, walirudi na maneno ambayo hayakuwamo katika hati hizo. Mojawapo ni njwiywila, yaani habari ya siri iliyokuwa ikinong'onezwa toka mtu hata mtu, kijiji hata kijiji, kwamba yuko mtu Ngarambe mwenye nguvu. Jingine ni likinda, mazoezi ya vita yaliyofanyika hapo Ngarambe. Kwa maneno mawili hayo swali la mwanahistoria hubadilika. Yule aliyeuliza jinsi watu walivyodanganywa na mganga hulazimika sasa kuuliza jinsi watu wa makabila mbalimbali, wasio na mfalme mmoja, walivyopashana habari na kujipanga pasipo mtawala kujua. Neno liliifanya kazi ambayo ghala ya hati haikuweza.

Tena kuna neno lilungu, ambalo wasimulizi walilitumia kueleza kilichompata Kinjikitile. Mfasiri akiandika "pepo", msomaji wa pwani atafikiri juu ya ngoma za uganga na mgonjwa anayepungwa. Akiandika "mungu", basi amekwisha kumfanya Kinjikitile kuwa mtume. Akiandika "mzimu", amemrudisha kwa wahenga na makaburi yao. Kila tafsiri yaleta historia yake, na zote tatu zaweza kuwa na sehemu ya ukweli. Mwanafunzi aliyeketi na mzee, akamwuliza neno hilo latumika wapi tena, kwa nani, na kama lina ubaya au heri, amejifunza jambo juu ya utamaduni ambalo mihadhara ishirini haiwezi kumpa. Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia yake mwaka wa 1969, alilijua tatizo hili kwa upande wa msanii: mhusika wake aitwa Kinjeketile, naye alionya kwamba mhusika huyo ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye mtu wa Ngarambe. Hata hivyo wanafunzi wengi wa leo wanalijua jina kwa tahajia ya mchezo, wala hawajui kwamba ipo nyingine.

Kilichotokea baadaye kwa somo la lazima kwajulikana. Mwaka wa 1973 taaluma za maendeleo ziliwekwa chini ya chombo chake, ambacho hatimaye kikawa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na kwa miongo mingi somo hilo limekuwa la lazima kwa kila mwanafunzi. Si haki kulidharau. Lilifundisha kizazi kizima kuuliza ni nani anayefaidika na ni nani anayelipa, na kilikuwa kipindi ambacho Walter Rodney, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri mwaka wa 1972, alikuwa akifundisha hapo hapo Mlimani. Lakini kadiri nadharia ilivyokua, mahali palipungua. Mwanafunzi alijifunza historia ya ubeberu duniani, naye aweza kuhitimu asijue kwamba mto anaouvuka kwa gari katika daraja la Mkapa, akienda Lindi, una delta yenye misitu ya mikoko ipatayo hekta 53,000, iliyotoa boriti za kuezekea nyumba za Arabuni na Ghuba ya Uajemi kwa muda wa karne nyingi. Hili la pili ni historia ya uchumi wa dunia vile vile, isipokuwa laanzia nyumbani.

Kibiti inatoa mfano wa namna nyingine. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Rufiji katika muongo wa 2010, ina kilima cha Mkukutu, ambako Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata shanga za kioo za asili ya Kirumi pamoja na vigae vya wakulima wa mwanzo wa zama za chuma. Habari hiyo aliichapisha mwaka wa 1999. Kabla ya hapo bandari ya Rhapta, inayotajwa katika kitabu cha baharia Myunani wa karne ya kwanza kuwa soko la mwisho la pwani hii, ilikuwa kama hadithi ya kitabuni, ikiwekwa na huyu hapa na yule pale. Jina lake latokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya zamani. Chami aliona kwamba mahali pake ni katika delta ya Rufiji au karibu nayo. Wako wataalamu wasioafikiana naye juu ya Rhapta, na mabishano hayajafungwa. Lakini shanga ziko, na vigae viko, navyo vyaonyesha kwamba waliozipokea shanga hizo walikuwa wakulima na wafua chuma wa hapa hapa. Kwa mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba pwani ililetewa ustaarabu kwa jahazi, ushahidi huu unatosha kumfanya asome upya alichodhani anakijua. Na kwa mwalimu ni heri ilioje kuwa na jambo ambalo bado lina ubishi, kwa kuwa historia iliyokwisha kufungwa haifundishi mtu kufikiri.

Walakini jambo lililo la haraka zaidi katika Rufiji si la shanga wala la Maji Maji. Ni la mafuriko na uhamisho. Kwa vizazi vingi watu wa bonde walilima kwa kufuata mto: mpunga kabla na wakati wa maji, kisha, maji yalipopungua, mahindi, maboga na mazao mengine katika udongo uliobaki na unyevu, kilimo kiitwacho mlau. Familia zilikaa shambani katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kuwalinda mimea na nguruwe, ndege na nyani, na kusubiri maji yapite chini. Kuanzia mwaka wa 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu wa bonde kwenye vijiji vilivyo juu, mbali na mashamba yao. Operesheni Rufiji ilikuwa miongoni mwa uhamisho mkubwa wa kwanza wa aina yake nchini, miaka kadhaa kabla ya ile iliyoenea kote katika muongo wa 1970. Watafiti wa Chuo Kikuu, kutoka katika ofisi ya uchunguzi wa rasilimali na matumizi ya ardhi iliyoanzishwa mwaka wa 1967, waliandika juu ya matokeo yake, na baadaye Kjell Havnevik alieleza katika kitabu cha mwaka 1993 jinsi wakulima walivyoendelea kurudi bondeni, kwa kuwa mlau hauwezi kulimwa kutoka mbali.

Sasa izingatiwe hesabu. Wanafunzi wa 1968 waliwauliza wazee juu ya mambo yaliyotokea miaka 63 nyuma. Kutoka Operesheni Rufiji hadi leo ni karibu miaka 60. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini alipobeba mlango wa nyumba yake kupeleka kijijini amekwisha kufika umri ule ule wa wasimulizi wa Gwassa. Yeye ajua jina la kila kisiwa cha udongo katika bonde, ajua maji ya mwaka gani yalikuwa ya heri na ya mwaka gani yalikuwa ya msiba. Ajua alichoambiwa na waliomhamisha na alichowajibu. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalipozikumba Rufiji na Kibiti, watu wengi waliozungumza juu ya maafa hayo mijini walishangaa kwa nini wenyeji wanakaa bondeni. Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe liko katika kumbukumbu za watu ambao hawatakuwapo miaka kumi ijayo.

Hapa suala la lugha laingia, nalo si la pembeni. Masimulizi ya Maji Maji yalisemwa kwa Kiswahili, Kimatumbi na lugha nyinginezo, lakini sehemu kubwa ya ripoti ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha iliyosahihishwa na kutolewa alama. Kila neno lililopita katika mlango huo lilipunguka kidogo. Mtu atakayetaka leo kujua lilungu lilitumikaje katika sentensi nzima ya msimulizi atapata taabu kubwa. Wala haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakimudu kazi ya chuo kikuu: Idara ya Kiswahili ilianza mwaka wa 1970 na imefundisha kwa Kiswahili, ikatoa shahada za juu kwa Kiswahili, kwa zaidi ya nusu karne. Somo la lazima la historia na utamaduni ndilo lingekuwa la kwanza kufuata njia hiyo, maana halidai istilahi nyingi ngeni, na ushahidi wake umo katika lugha hiyo hiyo. Kindengereko chataka uangalifu wake. Eva-Marie Ström, aliyekichunguza katika tasnifu ya mwaka 2013, alionyesha jinsi Kiswahili kinavyochukua nafasi yake midomoni mwa vijana. Kiswahili kikiwa lugha ya somo, basi na kiwe mlango wa kuingilia Kindengereko, kisiwe ufagio wa kukifagilia.

Pingamizi moja yapasa kujibiwa kwa unyofu. Mwaka wa 1968 wanafunzi walikuwa wachache, leo ni makumi ya maelfu. Haiwezekani kuwapeleka wote Rufiji, na wazee wa Rufiji hawangeshukuru. Ni kweli. Lakini uchunguzi wa 1968 nao ulitegemea wanafunzi kurudi makwao. Kila mwanafunzi anao watu wa kwao, na likizo anayo. Kinachoweza kufanywa lazima si safari ya bonde lile bali kazi ya namna ile: masimulizi ya mtu mmoja juu ya jambo moja, yaandikwe kwa maneno aliyosema, na chini yake maelezo ya mwanafunzi juu ya maneno matatu au manne yasiyofasirika kwa wepesi. Rufiji na Kibiti zingefundishwa darasani kuwa mfano, ili kazi ipate kipimo. Mihadhara ipunguzwe nusu. Walimu wa sayansi huenda wakalalamika juu ya kusahihisha, na lalamiko hilo ni la haki, kwa hiyo wasahihishaji watoke katika Historia, Kiswahili na Akiolojia, na walipwe.

Pingamizi nyingine ni nzito kuliko hiyo. Uchunguzi wa 1968 uliwauliza wazee maswali ya taifa lililokuwa na umri wa miaka saba, na wengi waliona katika Maji Maji mwanzo wa umoja wa Tanzania. Wanahistoria wa baadaye, hasa Thaddeus Sunseri katika makala ya 1997 na waandishi wa kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka wa 2010, wameonyesha mambo ambayo maswali hayo hayakuyagusa: nguruwe walioharibu mashamba wanaume walipotolewa kwenda kazini, kazi za wanawake, ugomvi wa ndani ya nchi moja moja. Lakini dosari hiyo yaonekana kwa kuwa sehemu ya maneno ya wasimulizi ilihifadhiwa. Yangalihifadhiwa yote, kwa lugha yao, ingalionekana mapema zaidi. Mwanafunzi wa leo naye atauliza maswali ya wakati wake, pengine juu ya bwawa la umeme na maji yanayofunguliwa au kuzuiwa, na atakayekuja baada yake ataona alichokosa kuuliza. Ndiyo sababu karatasi zake zapasa kuwekwa maktabani, zisitupwe baada ya alama kutangazwa, kama inavyofanywa kwa karatasi nyingi za mitihani.

Kwa upande wa Rufiji yenyewe majira yapatana na ratiba. Likizo ndefu huangukia kati ya Julai na Oktoba, wakati wa kiangazi, ambapo mlau huwa shambani au unavunwa, watu wengi wako bondeni katika madungu yao, na jioni huwa na nafasi ya kuzungumza. Kutoka Nyamisati mashua hufika Salale, Kiongoroni na visiwa vingine vya delta kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Atakayekwenda huko lazima aulize saa za maji kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.